Mita Tatu za Mama Sufi

Wewe unayesoma, umewahi kumwona mtu akiutandikia moto kitanda? Akautandikia vizuri, bila kunjo hata moja, kama mgeni anayetarajiwa? Labda utasema mtu wa namna hiyo hayupo. Yupo. Tena si mjinga. Ni mwanamke mwenye akili zake na kazi yake, na mtaani kwake watu walimheshimu. Walimwita Mama Sufi.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Alishona magodoro ya sufi. Sufi ni ile pamba nyepesi inayotoka kwenye maganda ya mti wa msufi. Ukiigusa inaruka. Inakukalia kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya chai. Kila asubuhi Mama Sufi alifungua banda lake la mbao nyuma ya nyumba, akajifunga kitambaa kichwani, akamwaga sufi kwenye turubai. Aliichambua mbegu, kisha akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ikavimba kama maziwa yanayochemka. Hakupenda bonge. Mkono wake ukikuta bonge, haukutulia mpaka bonge hilo liishe.

Pembeni yake alikaa mkwe wake, mke wa mwanawe, akiendesha cherehani. Yeye alishona mifuko ya magodoro kwa kitambaa cha mistari. Mume wa mkwe huyo alifanya kazi mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Wanawake hawa wawili walielewana sana, ingawa mkwe alikuwa na ulimi mwepesi. Mama Sufi alisema cherehani ya mkwe wake inapumzika, lakini mdomo haujui jioni.

Mwaka huo walipata kazi kubwa kuliko zote. Shule moja ya bweni iliagiza magodoro ishirini na manne. Kumi na saba yalikuwa tayari, yamepangwa bandani mpaka karibu na paa. Sufi ya yale mengine ilikuwa kwenye magunia. Jasho lote la Mama Sufi la mwaka ule lilikuwa ndani ya banda lile, na banda lenyewe lilikuwa kavu kama kibiriti.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Mbele palikuwa na barabara ya vumbi. Nyuma palikuwa na nyasi tu, nyasi mpaka vilimani. Wakati wa mvua zilikuwa kijani na zilipendeza. Kiangazi zilikauka, zikawa na rangi ya biskuti, na ukizikanyaga zilivunjika kwa sauti.

Jirani wa kushoto alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu. Watu walimwita Breki. Miaka thelathini barabarani hakuwahi kugonga hata kuku, kwa sababu akimwona kuku mbali alianza kupunguza mwendo. Abiria wake walichelewa, lakini wote walifika.

Zamani Mama Sufi na Breki walitaniana kutwa. Sasa walikuwa na miaka minne hawajasemezana, zaidi ya salamu ya kujibu kwa kichwa.

Sababu ilikuwa mpaka. Marehemu na mdogo wake waligawana kiwanja kwa kamba na vigingi vya mti. Vigingi vikaoza. Wiki moja baada ya mazishi, Mama Sufi alitoka nje akamkuta shemeji yake amechutama na kamba mkononi, anapima. Uchungu ukampanda. Akamwambia mbele ya watu waliokuja kumpa pole: "Kaburi halijakauka, wewe umeshaanza kupima."

Breki aliinuka. Aliikunja kamba yake, akaondoka. Toka siku hiyo, kati ya viwanja vile viwili kulibaki ukanda wa ardhi usio na mwenyewe. Upana wake ulikuwa kama vitanda viwili vikubwa vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Mama Sufi hakuufyeka, asije akaambiwa amenyakua. Breki hakuufyeka, asije akaambiwa tena yale yale. Nyasi zikaota humo, zikafika kiunoni.

Basi, siku moja tarishi wa halmashauri alipita mtaani akigawa karatasi. Mkwe aliisoma kwa sauti. Karatasi ilisema kwamba msimu wa moto wa nyika umekaribia. Kila mwenye kiwanja kinachopakana na nyasi anatakiwa kutengeneza njia ya kuzuia moto kuzunguka kiwanja chake. Ilitaja vipimo na tarehe ya mwisho. Ilisema pia kuwa mkaguzi atapita.

Mama Sufi aliuliza njia hiyo ni ya nani kupita, maana wao barabara wanayo. Mkwe akasema ni ya moto usipite. Mama Sufi akacheka, akaiweka karatasi chini ya mkasi mkubwa, akarudi kwenye sufi yake.

Karatasi ilikaa chini ya mkasi wiki tatu. Zilipobaki siku nne, mkwe aliichomoa akaiweka juu ya sahani ya mama mkwe wake wakati wa chakula cha mchana. "Mama, leo mboga ni hii," alisema.

Mama Sufi alielewa. Kesho yake alishika fyekeo. Alifyeka upande wa nyuma, akafyeka upande wa kulia, akafyeka kuzunguka banda. Alifyeka siku tatu mpaka viganja vikatoa malengelenge. Upande wa kushoto alifyeka mpaka pale ukanda ulipoanzia, akaishia hapo.

Nyasi alizozikata zililala mafungu mafungu. Sasa, unakumbuka mkono wake na mabonge. Hakuweza kuziacha vile. Alichukua fimbo zake mbili, akazipiga nyasi, akazitandaza sawasawa kwenye njia nzima. Alipomaliza, njia ilikuwa nene na laini, imenyooka kama shuka. Alisimama akaitazama kwa furaha. Akamwambia mkwe wake kwamba mkaguzi akija atatamani kulala.

Mkaguzi alikuja na pikipiki. Alikuwa mwanamke wa zimamoto, mfupi, mwenye viatu vizito na futi ya chuma kiunoni. Alisalimia kwa adabu, akazunguka kiwanja chote kimya. Mama Sufi alimfuata nyuma akisubiri sifa. Mkaguzi aliinama, akashika nyasi zilizotandazwa, akazifikicha kwenye kiganja. Zikawa unga.

"Nani ametandaza hivi?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona magodoro."

Mkaguzi alijizuia, lakini kicheko kilimshinda. "Ndiyo maana," alisema. "Mama yangu, moto umeutandikia kitanda. Ukija hapa unajilaza, unajigeuza, unaamkia bandani."

Mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Sufi hakucheka. Uso ulimshuka. Mkaguzi alipoona hivyo alimwomba wakae kwenye ngazi ya mlango, akamweleza polepole, bila kumwonyesha kuwa hajui.

Alisema moto ni mlaji. Unatembea pale tu penye chakula. Nyasi zilizosimama ni chakula, na nyasi zilizokatwa zikalala juani ni chakula kilichoiva. Ndiyo maana kufyeka peke yake hakutoshi. Njia inatakiwa iparuliwe kwa jembe mpaka udongo uonekane, na takataka zote ziondolewe. Upana wake kwa mji wao ni mita tatu, bila kukatika mahali popote. Matawi yanayoning'inia juu yake yakatwe, ili gari la zimamoto lipite bila kukwaruzwa. Karibu na banda pasiwe na kuni, wala magunia, wala majani kwenye mifereji ya paa, kwa sababu cheche huruka mbele ya moto na hutafuta pa kutua.

"Na hizi nyasi nizichome?" aliuliza Mama Sufi.

Mkaguzi akasema hapana. Wakati huu wa mwaka hakuna ruhusa ya kuchoma kitu nje, maana mioto mingi mikubwa huanza na mtu aliyekuwa anachoma takataka zake. Nyasi zifukiwe kwenye shimo la mboji mbali na nyumba, au zikusanywe, na lori la halmashauri litazichukua. Akasema pia kuwa akiwa na ndugu mji mwingine asimpe vipimo hivi, amwambie akaulize ofisi ya kwao, kwa sababu kila mahali pana sheria yake.

Kisha akasimama, akaelekeza kidole kushoto, kwenye ule ukanda wenye nyasi za kiunoni.

"Na pale?"

Mama Sufi akasema pale si pake. Mkaguzi akamjibu kwamba ametoka kwa mzee wa jirani sasa hivi, naye kasema pale si pake. Alipumua kidogo.

"Mama, umeshawahi kuwasha taa ya mafuta? Basi ule ni utambi. Nyika ni mafuta, utambi ndio huo, na huku mwisho kuna banda lako, na kule nyumba ya mzee. Moto hausomi hati ya kiwanja."

Alitoa karatasi mbili. Sheria, alisema, inataka kila mmoja awe na mita tatu ndani ya mpaka wake. Lakini majirani wakiandikiana na kutia sahihi wote wawili, ofisi inakubali njia moja ya pamoja. Aliandika kwenye daftari lake kwamba kazi haijatimia. Aliwapa siku kumi na nne. Zikipita, trekta la halmashauri lingekuja kusafisha lenyewe, nao wangelipia. Ila hilo, alisema, silo analoliogopa. Alilitazama banda, akayaona magodoro mlangoni.

Usiku ule Mama Sufi hakulala vizuri. Asubuhi alichukua karatasi na futi yake ya kitambaa, ile ya kupimia magodoro, akatoka. Mkwe alimwuliza anakwenda wapi. Akajibu kuwa anakwenda kupima.

Breki alikuwa upande wake, amesimama akiutazama ukanda, mkono mmoja kiunoni. Mama Sufi alimtazama jinsi alivyosimama. Kwa jicho la kazi yake alijua mara moja: mgongo ule ulikuwa unalala juu ya godoro lililokufa katikati. Aliingia kwenye nyasi. Zilimchoma miguu, mbegu ziling'ang'ania sketi yake. Alipofika katikati, alisimama.

"Shemeji, hujambo?"

Breki alimgeukia taratibu, kama mtu anayesubiri gari lisimame kabisa kabla ya kufungua mlango. "Sijambo, shemeji. Mkaguzi amenifelisha."

"Hata mimi. Nimetandika kitanda."

"Nimesikia. Kicheko cha mkwe wako kimefika mpaka huku."

Mama Sufi alitabasamu kwa mbali, kisha tabasamu likaisha. Alimwonyesha karatasi, akamweleza habari ya njia ya pamoja. Breki alisikiliza. Alipomaliza, mzee alichutama kwa shida, akapapasa chini ya nyasi kwa vidole. Alipapasa muda mrefu. Akatoa kipande cha mti kilichooza, chenye ncha.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta siku ile," alisema. "Kaka aliniita hospitali. Akaniambia vigingi vimeoza, virudishe, shemeji yako asije akasumbuliwa na mtu. Nikamwahidi. Kumbe nilichagua siku mbaya."

Mama Sufi alikishika kile kigingi. Kilikuwa chepesi kama si kitu. Miaka minne alikuwa amemkasirikia mtu aliyekuwa anamlinda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Alifikiri. "Nisingekusikia," alisema. "Nisamehe, shemeji."

"Yameisha. Tupime, jua linapanda."

Futi ya kitambaa ina mita moja na nusu. Waliinyoosha mara mbili, yeye ameshika upande huu na Breki upande ule. Mita tatu kamili. Ukanda uliowagawa ulikuwa na upana ule ule ambao sheria iliutaka. Mkwe aliyekuwa anachungulia akapiga kelele kutoka dirishani kwamba walikuwa na njia ya moto miaka yote, ila walihifadhi nyasi humo.

Siku hiyo hiyo walitia sahihi. Na kazi ikaanza.

Walianza asubuhi kabla ya joto. Mama Sufi alifyeka, Breki aliparua kwa jembe, mkwe alikusanya kwa reki na kusukuma toroli. Safari hii hakuna kilichotandazwa. Mara moja mkono wa Mama Sufi ulianza kusawazisha fungu la nyasi, na mkwe akamwita kwa upole, "Mama, kitanda hicho." Mkono ukarudi. Walikata matawi kwa msumeno. Breki alipanda ngazi, akasafisha mifereji ya paa la banda, akatoa majani makavu ndoo mbili na kiota cha zamani. Mabaki ya sufi yaliyokuwa yakizagaa nje waliyaweka kwenye pipa lenye mfuniko. Kuni zilihamishwa. Mpira wa maji ulifungwa kwenye bomba, ukajaribiwa, na Breki alilowanishwa makusudi au kwa bahati mbaya, mpaka leo mkwe hajakiri.

Utani ulirudi. Mama Sufi alimwambia shemeji yake kwamba jembe lake linatembea kama basi lake. Breki akajibu kuwa angalau basi lake halikuwahi kurushia abiria manyoya puani.

Siku ya kumi na mbili njia ilikuwa imekamilika. Udongo mwekundu ulizunguka viwanja vyote viwili kama mkanda mpya. Mkaguzi alirudi, akavuta futi yake ya chuma mahali sita. Alitazama juu, akatazama chini. Aliandika, akageuza daftari ili Mama Sufi asome mwenyewe. Mama Sufi alisoma silabi moja moja, kwa kidole: I-ME-TI-MI-A. Mkaguzi aliwakumbusha mambo ya mwisho. Wakiona moshi, wapige simu zimamoto mapema. Wafunge milango na madirisha, wachukue vyeti vyao, watoke waende barabarani. Wasibaki kupigana na moto kwa ndoo. Njia inafanya kazi yake, na watu wa zimamoto wanafanya yao.

Wiki ya tatu baada ya hapo, saa tisa alasiri, upepo uligeuka. Mkwe alinusa kwanza. Alisimamisha cherehani. Nyuma ya kilima kulikuwa na moshi, na moshi ule ulikuwa unakuja.

Hawakupoteza muda. Mkwe alipiga simu. Mama Sufi alifunga madirisha na mlango wa banda. Magodoro ishirini na mawili yalikuwa ndani. Aliweka kiganja kwenye mlango kama anayemtuliza mtoto, kisha akaondoka, na hakuna hatua iliyowahi kumwia ngumu kama ile. Mfuko wa vyeti ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Breki alikuwa ameshafika getini kuwachukua. Alimshika shemeji yake mkono, wakavuka barabara.

Walisimama pale na watu wa mtaa. Moto ulisikika kabla ya kuonekana. Ulikuwa na sauti ya kitambaa kikubwa kinachochanwa. Kisha ukatokea, mwekundu, mrefu, ukizipitia nyasi kwa kasi ya mtu anayekimbia. Gari la zimamoto lilikunja kona. Dereva wake hakuuliza njia. Aliiona. Aliingia moja kwa moja kwenye ule ukanda kati ya nyumba mbili, mahali ambapo mwezi mmoja nyuma hata mbuzi angejikwaa, akafika nyuma bila tawi kumgusa.

Moto ulifika kwenye udongo. Ulinyoosha ndimi zake, ukatafuta. Haukupata nyasi, wala kuni, wala utambi. Ukahangaika kushoto na kulia kwenye ukingo, ukafupika. Cheche chache ziliruka zikaanguka juu ya paa safi, zikazimika. Maji ya zimamoto yalimaliza kilichobaki. Ndani ya nusu saa nyika yote ilikuwa nyeusi, na ndani ya mkanda ule mwekundu nyumba mbili na banda moja zilikuwa zimesimama kama zilivyoachwa.

Mtaa mzima ulipiga makofi. Mama Sufi alikimbia, yeye na umri wake, mpaka bandani. Alifungua mlango. Magodoro yalikuwa yamekaa kimya, moja juu ya jingine, mistari yake imenyooka. Alikaa juu ya gunia la sufi akacheka, machozi yakimtoka. Mkwe akamwambia kwamba mgeni wake amekuja, amekosa kitanda, amerudi zake.

Juma lililofuata watu sita wa mtaa ule walikuja kuazima futi ya kitambaa. Mama Sufi aliwapa, akawafundisha: mara mbili, mpaka udongo, na msitandaze.

Lori la shule lilipokuja, magodoro yalikuwa ishirini na manne kamili. Breki alikuja kusaidia kupakia. Kila godoro lililopita mbele yake alilibonyeza katikati kwa kiganja, akasikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji. La mwisho lilipopanda, aliendelea kusimama pale, mkono kiunoni. Lori likaondoka. Vumbi likatulia. Bado amesimama.

"Una neno, shemeji?" aliuliza Mama Sufi, ingawa alilijua tangu ile siku ya kupima. Aliamua kumngoja. Abiria wa Breki walichelewa, lakini walifika.

Breki alikohoa. Alitazama njia, akatazama paa, akatazama viatu vyake.

"Miaka minne nimelala kwenye shimo," alisema. "Kwingine sikutaka kununua, na hapa nilishindwa kuomba. Shemeji, nataka godoro. La sufi. Gumu kidogo pale katikati."